Kabla hujamuuzia mteja betri: kwa mafundi wapya wa laptopu

Mteja akikuletea laptopu na kusema "haikai na chaji", usikimbilie kumuuzia betri. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport. Windows itakuandalia ripoti, na ndani yake linganisha namba mbili: ujazo ambao betri ilitoka nao kiwandani na ujazo inaobeba leo ikijaa. Zikikaribiana, betri ni nzima. Mla chaji yuko kwingine, na ni haki ya mteja umtafute kabla hajatoa pesa yake.

Anza na usingizi. Mashine ikilala kwa kawaida, RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayoshika kazi zilizofunguliwa, huendelea kupewa umeme kidogo, ndiyo maana huamka upesi. Laptopu nyingi za siku hizi hata zikilala hubaki na intaneti na kuvuta barua pepe; hapo ndipo utasikia mtu kaitoa begini ikiwa ya moto. Haibaneti ni tofauti: yaliyomo kwenye RAM huandikwa diskini, kisha mashine huzimika. Anayefunga kifuniko Ijumaa jioni na kukuta chaji imeisha Jumatatu, mpangie kifuniko kikifungwa iende haibaneti.

Nyingine zinakataa kulala kabisa. Fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi, andika powercfg /requests. Itakutajia kinachoizuia, na mara nyingi ni muziki unaoendelea kwenye tabo iliyosahaulika, au draiva ya sauti, yaani programu inayoendesha kifaa cha sauti.

Prosesa nayo hujibana yenyewe. Mtu anayeandika akisita kutafuta neno, inashusha kasi na volteji, na sehemu zisizo na kazi zinazimwa. Umeme unaotumika hufuata mraba wa volteji, kwa hiyo volteji ikishuka kidogo tu nafuu ni kubwa. Ndiyo sababu napinga sana tabia ya kumwekea kila mteja mpango wa umeme wa "nguvu kamili" ili aone mashine inakimbia. Anayeandika barua haoni tofauti yoyote, ila betri inaiona.

Ukisikia "kioo kinafifia chenyewe", uliza chaji ilikuwa ngapi. Kwenye Windows 10, ikifika asilimia 20 kibana matumizi (battery saver) hujiwasha na kupunguza mwanga. Kioo hakina kosa.

Ukishapanga vyote, mpe mteja mashine aitumie siku mbili tatu, kisha fungueni ile ripoti pamoja. Inaonyesha saa iliyolala, saa iliyoamka na chaji iliyobaki kila mara.