Anza na Karatasi ya Mtihani Kabla ya Kuugusa Mtaala

Katika kamati za kupitia mitaala ambazo nimeshiriki, muda mwingi huishia kwenye kutunga sentensi za matokeo tarajiwa ya ujifunzaji, yaani yale ambayo mwanafunzi anatarajiwa kuweza kuyafanya baada ya kozi, ilhali mitihani inabaki ileile iliyokuwapo kabla ya mapitio. Mitaala mingi ya vyuo vikuu vya umma nchini Tanzania imeandikwa upya chini ya mradi wa HEET (Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi) ulioanza mwaka 2021, kwa hiyo huu ndio wakati wa kuuliza kama upimaji nao umebadilika. Ushauri wangu kwa wahadhiri wenzangu ni kuanzia upande wa pili: kusanya mitihani ya miaka michache iliyopita, isome sambamba na mtaala, na ujiulize ni jambo gani hasa ambalo mwanafunzi aliyefaulu alilazimika kulifanya.

Chukua mfano wa kozi ya rutuba ya udongo katika shahada ya kilimo. Mtaala unasema kwamba mwanafunzi ataweza kutafsiri majibu ya maabara na kumshauri mkulima namna ya kurekebisha udongo wa shamba lake, lakini mtihani unamtaka ataje na kueleza mambo matano yanayoathiri rutuba. Mwenye kumbukumbu nzuri atapata alama za juu bila kuwahi kusoma jibu hata moja la maabara. Wanafunzi hujifunza kile wanachojua kitaulizwa, na ndiyo maana mtaalamu wa elimu John Biggs alisisitiza mwaka 1996 kwamba matokeo yanayokusudiwa, ufundishaji na upimaji lazima vielekee upande mmoja.

Sasa mpe mwanafunzi huyohuyo karatasi ya maabara inayoonyesha pH ya 4.9 na fosforasi kidogo, mweleze kwamba mkulima anataka kupanda mahindi, kisha umtake apendekeze hatua na kuzitetea. Aliyeelewa atazungumzia chokaa ya kupunguza tindikali kwanza, kwa sababu katika udongo wenye tindikali kiasi hicho fosforasi hunaswa na alumini na chuma, na sehemu kubwa ya mbolea isingeufikia mmea; aliyekariri atapendekeza mbolea tu. Jibu la swali kama hili halizidi ukurasa mmoja, jambo ambalo ni muhimu sana kwa mhadhiri mwenye darasa la wanafunzi mia nne. Mwongozo wa usahihishaji nao ubadilike, alama nyingi ziende kwenye hoja badala ya idadi ya vidokezo, la sivyo swali jipya litasahihishwa kama lile la zamani.

Mgawanyo wa alama unahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Ikiwa kazi pekee inayopima uwezo wa kumshauri mkulima ina alama 10 kati ya 100, mwanafunzi anaweza kupata sifuri hapo na bado akafaulu vizuri, na chuo kitakuwa kimeithibitishia jamii kwamba ana uwezo ambao hana. Kwa matokeo yaliyo kiini cha taaluma, naona idara haina budi kuweka sharti la kufaulu kazi hiyo yenyewe, pamoja na nafasi ya kuirudia. Kazi za vikundi pekee hazitoshi kuthibitisha uwezo wa mtu mmoja mmoja.

Ugumu huongezeka tunapoitazama programu nzima. Shahada ya miaka mitatu nchini Tanzania inahitaji angalau krediti 360, kila moja ikiwa na saa 10 za ujifunzaji, na saa hizo 3,600 zimegawanyika katika kozi nyingi zenye walimu tofauti, ambao kila mmoja huweza kudhani kwamba stadi fulani inapimwa na mwenzake. Idara nyingi huchora jedwali la kozi na matokeo ya programu, kisha hujaza alama za vema. Mimi naomba kila kisanduku kiandikwe namba ya swali au jina la kazi inayopima tokeo hilo, kwa kuwa alama ya vema haimlazimishi mtu kuonyesha ushahidi.

Mtahini wa nje naye apelekewe jedwali hilo pamoja na vitabu vya majibu vya wanafunzi waliofaulu kwa alama za chini kabisa, kwa sababu ni katika majibu yao ndipo ataona kiwango ambacho shahada hiyo inakihakikisha kwa kila anayehitimu.