Wanono ndio wanatangulia kufa

SWALI: Shikamoo daktari. Nipo Mbozi, mkoa wa Songwe. Nguruwe wangu amezaa watoto 10 kwenye banda jipya la sakafu ya sementi. Wiki ya kwanza walinyonya vizuri. Ya pili wakaanza kupauka masikio, na sasa, wiki ya tatu, wamekufa 4, tena wale wanono ndio wanaotangulia. Mama mkwe anasema niwaachie wazurure, kwani zamani hawakufa hivi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Umenikumbusha banda langu la kwanza. Nami nilimwaga sementi nikaona kazi imekwisha. Uzao wa kwanza, kati ya watoto 9 nikabaki na 3. Nilimpasua mmoja, nikakuta damu nyepesi kama juisi ya rozela.

Watoto wako, kwa unavyoeleza, wameishiwa damu kwa kukosa madini ya chuma. Mtoto wa nguruwe huzaliwa na akiba ya miligramu 50 hivi. Kila siku anahitaji kama 7, na maziwa ya mama humpa 1 tu. Mnono hutangulia kwa sababu anakua haraka, na chuma kilekile kidogo kinatakiwa kitengeneze damu ya mwili mkubwa. Wengi hukimbilia kumlisha mama majani na dawa za kuongeza damu. Haisaidii, kwani chuma hakipiti kwa wingi kwenye maziwa yake.

Mama mkwe wako ameona sawasawa. Zamani watoto walifukua udongo, na chuma walikipata humo. Ila kuwaachia, nakusihi, usithubutu. Hapo Mbozi tegu wa nguruwe ametusumbua miaka mingi. Nguruwe anayezurura hula kinyesi cha mtu mwenye tegu, nyama yake ikajaa vifuko vyeupe kama punje za mchele. Ukiila haijaiva, unapata tegu tumboni. Na mayai ya tegu yakiingia mdomoni, kwa mikono michafu au mboga isiyooshwa, huanguliwa tumboni, na viluwiluwi vyake vinaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Nimekaa na familia zilizoamini mtoto wao karogwa. Bado sijataja homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina tiba na huweza kumaliza banda zima.

Kwa hiyo sementi ibaki, na udongo uletwe bandani. Mpe mama mkwe kazi hiyo: achimbe mbali na choo, mahali ambapo nguruwe hawajawahi kukanyaga, ashuke chini kuliko jembe la kawaida linapofika, kisha kila siku aweke udongo mpya kidogo kwenye kona wanayolala watoto.

Wale 6 waliobaki wachome sindano ya chuma leo hii. Ipo kwenye maduka ya dawa za mifugo. Kila mtoto apate miligramu 200. Soma lebo, kwani kuna chupa ambayo kiasi hicho ni mililita 1 na nyingine ni mililita 2. Choma kwenye msuli wa shingo, nyuma ya sikio, kwa sindano safi. Kama hujawahi kuchoma, mwite afisa mifugo wa kata akuonyeshe kwa mtoto mmoja, wengine umalizie mwenyewe.

Uzao ujao usingoje wapauke. Mimba ni miezi 3, wiki 3 na siku 3. Dawa iwe nyumbani tayari kabla mama hajazaa, uwachome watoto siku ya 3.