Basi la Watalii Moroko: Je, Litatufaa Mimi na Mume Wangu?

SWALI: Mimi na mume wangu tumetimiza miaka 35 ya ndoa, naye amestaafu mwaka huu. Watoto wametuchangia safari ya Moroko, na kampuni moja ya utalii imetuletea ratiba ya siku nane kwa basi, pamoja na mwongoza watalii: Casablanca, Rabat, Meknes, Fez, kisha Marrakesh. Fez tutalala usiku mmoja tu. Mzee ana goti bovu, nami sipendi kukimbizwa. Nina shauku kubwa ya kuswali katika msikiti wa Qarawiyyin, lakini ratiba imeandika “kupita”. Je, safari hii inatufaa? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Shikamoo Mama, na Mzee naye mfikishie shikamoo yangu pamoja na hongera za miaka hiyo 35.

Safari inawafaa, ila ratiba hiyo msiikubali kama ilivyo. Mimi na mume wangu tuliwahi kuizunguka miji hiyo hiyo kwa basi, na tangu hapo siangalii tena ratiba ina miji mingapi. Nahesabu saa ambazo msafiri atakuwa ameshuka, anatembea kwa mwendo wake. Siku yetu moja nzuri iliishia katika duka la mazulia, ambako mwongozaji wetu alitukalisha kwa muda wa karibu saa tatu, chai ya nanaa ikimiminwa na mazulia yakikunjuliwa moja baada ya jingine, hadi jua likazama na madrasa tuliyoifuata ikafungwa. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, iulizeni kampuni kwa maandishi ni maduka mangapi yamo katika ratiba na mtakaa muda gani katika kila duka. Mwongozaji aliyesajiliwa rasmi hubeba kitambulisho, nanyi mna haki ya kuomba kukiona.

Siku za mwanzo hazitawachosha. Casablanca hadi Rabat ni kilomita zipatazo 90, na Meknes hadi Fez ni kama 60. Katika Rabat mtauona mnara wa Hassan, ambao ujenzi wake ulisimama sultani Yaqub al-Mansur alipofariki mwaka 1199 na haukumalizwa tena; uwanja wake ni tambarare, goti la Mzee halitalalamika. Siku nzito ni ile ya Fez kwenda Marrakesh, kilomita zipatazo 500, ambayo huliwa yote na barabara. Ombeni basi lipitie Ifrane na misitu ya mierezi ya Azrou, msimame huko mnyooshe miguu, na Mzee apewe kiti chenye nafasi ya kuunyoosha mguu.

Fez msikubali kulala usiku mmoja. Dai usiku wa pili hata kama itabidi kupunguza Casablanca. Mji mkongwe wake ulianza mwishoni mwa karne ya 8, na magari hayaingii humo, mizigo hubebwa na punda, baghala na mikokoteni, na wenye wanyama hupaza sauti “balak!” kama wachukuzi wa pwani yetu wanavyosema “simile!”, nawe huna budi kujibanza ukutani upesi. Kutoka lango la Bab Bou Jeloud, njia iitwayo Talaa Kebira huteremka mfululizo kuelekea Qarawiyyin, na wewe unayemuuguza mwenye goti unajua kwamba kuteremka kunauma kuliko kupanda. Pumzikeni mapema katika madrasa ya Bou Inania, iliyo karibu na juu ya njia hiyo. Sultani Abu Inan aliyeijenga katika miaka ya 1350 ndiye aliyeagiza safari za Ibn Battuta ziandikwe, na Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, ndiye aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akaisifu Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa. Nilipokaa katika ua ule, mbele ya vigae vidogo vya rangi vilivyopangwa kimoja kimoja kwa mkono, nilijiona si mgeni kabisa, kwa kuwa sifa za pwani yetu ziliandikwa kwa amri ya mwenye jengo lile.

Mkifika chini, msirudi na kundi kwa kuupanda mlima ule ule. Tokeni kwa upande wa uwanja wa R'cif, ambako magari hufika, mchukue teksi ndogo nyekundu hadi hotelini. Viwanda vya ngozi vya Chouara hutazamwa kutoka vibaraza vya juu vya maduka, na ngazi zake ni nyembamba na zina mwinuko mkali. Mzee akibaki chini hatakosa harufu, maana ngozi bado hulainishwa kwa kinyesi cha njiwa, na wageni hupewa shina la nanaa wanuse.

Kuhusu swala, ondoa wasiwasi. Qarawiyyin ulianzishwa mwaka 859, na kwa mapokeo mwanzilishi wake ni mwanamke, Fatima al-Fihri. Wasio Waislamu hawaruhusiwi kuingia, hivyo makundi husimama mlangoni, hupiga picha ya ua wa msikiti na kuondoka; “kupita” ya ratiba yenu imetokana na hilo. Ninyi mnaweza kuingia. Mwambieni mwongozaji tangu usiku wa kuamkia siku hiyo kwamba mtaswali adhuhuri pale, ili apange mwendo wa kundi kulingana na adhana. Beba mtandio mpana na mfuko wa kutilia viatu. Wanawake wana sehemu yao, kwa hiyo kubaliana na Mzee mahali pa kukutana kabla hamjaachana. Chagueni uwanja wa Seffarine, ulio jirani kabisa na msikiti, ambako mafundi hufua masufuria ya shaba kutwa nzima. Hata atakayepotea kichochoro atazifuata nyundo zao.