Kwa msaidizi wa kisheria anayeanza: "mila yetu ndivyo ilivyo"

Ukianza kazi hii kijijini, wengi watakujia na migogoro ya mirathi na mashamba, na utasikia sana kauli hii: "Mila yetu ndivyo ilivyo." Usiidharau. Inakueleza watu wamezoea kufanya nini. Kama wanachofanya ni haki, hilo ni swali la pili, na lina hoja zake.

Kila anayeanza namwomba aisome kesi ya Holaria Pastory wa Muleba, Kagera. Mama huyu alirithi shamba kwa baba yake kwa wosia. Mwaka 1988, uzeeni, akiwa hana wa kumtunza, akaliuza kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akaenda Mahakama ya Mwanzo: mwanamke wa Kihaya hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Kimila alikuwa sahihi. Kanuni zilizotangazwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi hiyo maisha yake yote, ila asiiuze. Bernardo akashinda. Mahakama ya Wilaya ikatengua, naye akakata rufaa.

Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya hakuishia kumhurumia bibi. Alilinganisha. Mwanamume akiuza ardhi ya ukoo bila ridhaa ya wenzake, wanaukoo wanaweza kuikomboa kwa kurudisha fedha. Kwa nini basi mauzo ya mwanamke yawe batili kabisa? Tofauti pekee ilikuwa jinsia, na Ibara ya 13(4) ya Katiba inakataza ubaguzi. Akaamua haki za mwanamke na mwanamume ziwe sawa, na Bernardo naye akaachiwa nafasi ya kulikomboa shamba kwa kulipa zile 300,000. Hapo ndipo ninapoipenda hukumu hii: aliyeshindwa naye alitendewa haki.

Kwa hiyo mjane akilia mbele yako, mpe maji, mpe muda, kisha mwite na shemeji yake. Haki ya kusikilizwa iko Ibara ya 13(6)(a), na ni ya wote wawili. Katika daftari tenga alichokiona mtu kwa macho yake na alichoambiwa. Mashauri mengi ya mipaka yanaharibikia hapo. Usiahidi ushindi. Panapohitajika kusimama mahakamani, mpeleke kwa wakili mapema, akiwa na wosia na karatasi za mauziano mkononi.