Vipodozi vya Bei Nafuu: Wapi pa Kubana na Wapi pa Kuwa Mkali

Anayetaka kujipodoa Dar es Salaam kwa fedha kidogo hakosi pa kununua. Kariakoo imejaa maduka ya vipodozi, ya jumla na ya rejareja, na asiyependa kuingia dukani hupata lipstiki, wanja na kope bandia kwa wamachinga waliotandaza bidhaa kando ya Mtaa wa Kongo. Uswahilini nako hakukosekani famasi yenye rafu ya mafuta na losheni. Kwa hiyo swali ninaloulizwa na wadogo zangu na mashoga zangu kila inapokaribia sendofu au harusi si pa kununua, bali ni kipi kinunuliwe kwa bei ndogo bila kuiharibu sura. Baada ya miaka ya kujaribu vya bei hii na vya bei ile, naamini kwamba unafuu hauna ubaya kwa vitu vingi, mradi mtu ajue ni wapi abane matumizi na ni wapi awe mgumu kuridhika.

Nianze na faundesheni, ile krimu ya rangi ya ngozi inayopakwa uso mzima, kwa kuwa ndiyo inayowashinda wengi. Taabu yake kubwa ni rangi, wala si ubora. Kwa miaka mingi kampuni kubwa zilitengeneza rangi nyingi za ngozi nyeupe, kisha zikaongeza mbili tatu za kahawia mwishoni, kana kwamba sisi wengine sote tumepakuliwa kutoka chungu kimoja. Fenty Beauty ya mwimbaji Rihanna ilipoingia sokoni Septemba 2017 ikiwa na rangi 40 kwa mpigo, washindani wake walisukumwa kupanua orodha zao, na leo hata bidhaa za bei ya kawaida kama Maybelline Fit Me zina rangi kadhaa za ngozi nyeusi. Lakini kutengenezwa ni jambo moja na kufika Kariakoo ni jambo jingine. Mfanyabiashara huagiza zile anazojua zinatoka haraka, hivyo unaweza kukuta namba mbili tatu zimejaa rafu nzima na nyingine zote hazipo, na muuzaji, kwa kuwa hana ya kukubadilishia, akakuhakikishia kwa bashasha: "Hiyo imekukubali, dada."

Usikubali mpaka ujaribu, na usijaribu mgongoni mwa kiganja kama wauzaji wanavyopenda, kwa sababu rangi ya mkono na rangi ya uso mara nyingi haziafikiani. Chora mistari miwili ya namba mbili zinazofuatana, kuanzia kwenye taya kuteremka shingoni, kisha utoke nje ya duka, maana zile taa nyeupe za dukani humdanganya kila mtu. Subiri kama robo saa. Faundesheni nyingi hubadilika kidogo zikishakutana na hewa na mafuta ya ngozi, na ile iliyoonekana imekaa vizuri mwanzoni inaweza kuwa imekoza. Mstari unaostahili kununuliwa ni ule ambao baada ya muda huo unautafuta kwa kioo. Kumbuka pia kwamba watu wawili wenye weusi ule ule wanaweza kutofautiana: mmoja ngozi yake ikaelekea wekundu, mwingine manjano. Ndiyo maana dada wawili wa maji ya kunde, waliozaliwa tumbo moja, hawawezi sikuzote kuazimana chupa.

Usipopata rangi yako, nunua chupa mbili za bei ndogo, moja iliyokoza kuliko ngozi yako na moja iliyopauka, ukazichanganye mwenyewe nyumbani. Mara nyingi gharama ya zote mbili haifiki bei ya chupa moja ya kifahari, na faida yake ni kwamba utaweza kubadilisha kipimo kadiri jua linavyokukoza. Angalia tu kwamba zote ni za aina moja. Viambato huandikwa kwenye lebo kwa kufuata wingi wake, kilicho kingi kikitangulia. Basi kama moja inaanza kwa maji na nyingine imetanguliza silikoni, ambayo kwa kawaida huandikwa dimethicone, huenda zisishikamane, bali zikaviringika usoni kila unapogusa.

Baada ya rangi, mtihani wa kweli ni joto letu. Bidhaa yoyote mpya ipakwe kwanza siku ya kawaida ya shughuli, siku ya kupanda daladala na kusimama juani, kamwe isizinduliwe asubuhi ya harusi. Baada ya saa nne au tano tazama pembeni mwa pua, juu ya mdomo na katikati ya paji la uso. Faundesheni ya bei ndogo huanza kuvunjika hapo, na watu wengi wakiona hivyo huongeza tabaka jingine, jambo linalozidisha uharibifu, kwa kuwa kinachovunjika ni unene. Niliyoyaona yakifaa ni kupaka kidogo sana kwa sponji lililoloweshwa na kukamuliwa, kukandamiza poda sehemu zinazotoa mafuta, na wakati wa mchana kubonyeza tishu usoni bila kusugua kabla ya kugusa tena poda.

Poda yenyewe ina mitego miwili. Wa kwanza ni poda ya mtoto, ambayo nyumba nyingi hutumia badala ya poda ya uso. Kwa muda mrefu ilitengenezwa kwa talki, unga laini wa madini, ingawa Johnson & Johnson waliacha kuitumia talki katika poda yao ya watoto duniani kote mwaka 2023 na kubaki na wanga wa mahindi. Iwe ya talki au ya wanga, ni nyeupe, na juu ya ngozi nyeusi yenye jasho huacha ujivujivu ambao hauondoki kwa kupangusa. Mtego wa pili ni zile poda zinazosifiwa kwamba hazina rangi. Nyingi zina silika, unga mweupe laini sana, na kwa macho huzioni kabisa, ila mpiga picha akiwasha flashi usiku wa kicheni pati mwanga unarudishwa na poda, na albamu nzima inajaa nyuso zilizopauka chini ya macho. Kabla ya kutoka nyumbani, zima taa ujipige picha moja kwa simu ukiwa umewasha flashi. Kwa matumizi ya kila siku naipendelea poda ya kugandamizwa yenye rangi ya ngozi, na hapa sioni sababu ya kutumia fedha nyingi, kwani ya bei ndogo iliyokubali rangi yako hufanya kazi ile ile.

Kwenye midomo bana kadiri upendavyo. Penseli ya kahawia iliyokoza, ikizungushwa ukingoni mwa mdomo na kusambazwa kwa kidole kuelekea ndani, kisha lipshaini ya bei ya soda ikaguswa katikati tu, hutoa midomo ambayo hakuna atakayeuliza imegharimu kiasi gani. Lipstiki za maji zinazokauka hudumu muda mrefu, lakini hukamua mdomo. Pakaa Vaseline mapema, uifute vizuri, ndipo uanze. Unaponunua, fungua kifuniko. Lipstiki iliyoshinda juani barazani hutoa vitone vidogo vya mafuta kama vijasho, na ukiivuta mkononi inachuruzika au inakatika. Omba nyingine ya ndani ya duka.

Macho hayana mzaha, na hapa ndipo ninapokuwa mkali. Sinunui maskara wala wanja usio na jina la mtengenezaji, hata kama ni wa bure. Wanja wa unga unaouzwa kwenye vichupa visivyo na maelezo umewahi kupimwa katika nchi mbalimbali na baadhi yake kukutwa na risasi, madini yanayodhuru ubongo, hasa wa mtoto mchanga anayepakwa wanja kwa mazoea. Maskara nayo, hata iliyo bora, huingiza hewa na vijidudu kila unapochomoa brashi, kwa hiyo baada ya miezi mitatu itupwe, na ikikauka kabla ya hapo isiongezwe maji, achilia mbali mate. Mpambaji wa saluni akitaka kukupaka maskara kwa brashi ile ile aliyowapaka wateja wa asubuhi, mwombe kwa heshima abadilishe, au uende na ya kwako. Gundi ya kope bandia ijaribu kwanza ndani ya kiwiko na usubiri siku nzima.

Famasi ina vitu viwili vya bei ndogo ambavyo nisingevibadilisha na chochote cha dukani. Kimoja ni Vaseline, ambayo hulainisha midomo, hung'arisha juu ya mashavu, na hutuliza nyusi zilizosimama. Cha pili ni gliserini, ambayo wengi huilaumu kwa kunata kwa sababu wanaipaka kama ilivyo. Gliserini huvuta maji. Ichanganye na maji safi au maji ya waridi, matone machache kwenye kiganja, uipake uso ukiwa bado na unyevu. Krimu ya kuzuia jua ndiyo pekee ninayoshauri mtu aiwekee akiba. Yenye kiwango cha kinga, yaani SPF, cha 30 ikipakwa ya kutosha huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza, ambapo ile namba ya SPF iliyoandikwa kwenye faundesheni haina msaada mkubwa, kwa kuwa hakuna anayepaka faundesheni nene kiasi hicho.

Kuna rafu moja ambayo unafuu wake ni wa hatari, nayo ni ya krimu za "kung'arisha" na mkorogo unaochanganywa kwenye ndoo na kufungwa kwenye kopo lisilo na lebo. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi, na tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi ilihamishiwa Shirika la Viwango, TBS. Mkataba wa Minamata nao umezuia vipodozi vya zebaki kimataifa, kwa sababu zebaki huharibu figo. Hata hivyo bidhaa hizo bado hupenya. Ukiona kwenye kiboksi maneno hydroquinone, mercurous chloride, calomel au clobetasol, rudisha. Hilo la mwisho ni dawa kali ya ngozi ya kuandikiwa na daktari, na kulipaka usoni kila siku huifanya ngozi iwe nyembamba, itoe chunusi na kuonyesha mishipa.

Bidhaa feki ni habari nyingine. Bei ikiwa robo ya ile unayoijua, linganisha namba ya toleo iliyo kwenye boksi na iliyo chini ya chupa, ambazo kwa bidhaa halisi kwa kawaida hufanana. Soma maandishi herufi kwa herufi, kisha unuse, kwani feki nyingi hufunikwa kwa manukato makali. Kwa maoni yangu, chupa halali ya kampuni isiyojulikana sana ina heshima kuliko jina kubwa la kughushi. Tazama pia kile kialama cha kopo lililofunguliwa: 12M maana yake ni miezi kumi na miwili tangu siku uliyoifungua, kwa hiyo andika tarehe hiyo chini ya chupa kwa kalamu ya wino usiofutika.

Jioni, kabla ya sabuni, sugua uso taratibu kwa mafuta ya nazi mpaka maskara ilainike, pangusa kwa kitambaa cha uvuguvugu, ndipo uoshe. Sponji na brashi zioshwe kwa sabuni angalau mara moja kwa wiki na zianikwe penye upepo, kwa sababu katika unyevu wa Pwani sponji lililofungiwa mkobani huota ukungu ndani kabla hujaona doa lolote nje.