Sumaku kali, mota legevu: maswali yenu ya mwezi huu

Mwezi huu kuna barua tatu zimejikuta zimekaa pamoja zenyewe, moja ya fundi wa bodaboda za umeme, nyingine ya mwanafunzi wa chuo, na ya mwisho ya dada anayejenga jenereta ya upepo, na ukizisoma vizuri zote zinauliza kitu kimoja tu: ule mwanya mdogo wa hewa kati ya rota (sehemu inayozunguka) na stata (sehemu iliyotulia, yenye meno ya chuma na koili), nguvu ya sumaku iliyopo pale unaijuaje kabla hujatoa hela yako. Nimezifupisha kidogo.

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi ni fundi nipo Mwanza. Nimeletewa mota ya bodaboda ya umeme, ile inayokaa ndani ya ringi ya nyuma, maji yaliingia sumaku zikapata kutu na nyingine zimebanduka kabisa. Ziko 46, unene milimita 3, na mwanya wa hewa ni kama milimita 1. Nimepata mpya za milimita 2 tu ila muuzaji anasema ni N52, kali kuliko zote, kwa hiyo wembamba sio tatizo. Nibandike? Mteja ananipigia kila siku.

JIBU: Usibandike kwanza fundi wangu. Muuzaji hajakudanganya kwamba N52 ni kali, ila ukali wa sumaku ikiwa mkononi na ukali wake ikiwa ndani ya mota ni vitu viwili tofauti, na kinachoamua ni ule mwanya.

Angalia flaksi, yaani mkondo wa sumaku, inavyosafiri. Inatoka kwenye sumaku, inaruka mwanya, inaingia jino la stata, inazunguka inatokea jino la jirani, inaruka tena mwanya kuingia sumaku ya pili, alafu inafunga safari kwa nyuma kupitia ringi ya chuma. Kwenye chuma ni barabara ya lami. Kwenye hewa ni tope la masika. Na watu wengi hawajui hili, hata sumaku yenyewe ni tope, maana flaksi inapita ndani yake kwa shida karibu sawa na hewa. Kwa hiyo sumaku nene inasukuma zaidi, na mwanya mkubwa unakula kila kinachosukumwa.

Hesabu yake inaenea nyuma ya risiti. Chukua nguvu ya asili ya sumaku, ile inayoandikwa Br kwenye karatasi ya muuzaji, zidisha kwa unene, alafu gawa kwa unene ukijumlisha mwanya mara 1.05. Hiyo 1.05 ndo inasema sumaku inapitisha flaksi kidogo tu kuliko hewa. Basi.

Tufanye za zamani zilikuwa za kawaida, Br tesla 1.2 (tesla ndo kipimo cha nguvu ya sumaku). Inakuja 1.2 mara 3, gawa kwa 4.05, unapata tesla 0.89. Sasa hizo N52 Br yake ni kama 1.45. Ila ukizibandika palepale zilipokuwa za zamani, sumaku imepungua milimita 1 kwa iyo mwanya umeongezeka milimita 1, umekuwa 2. Inakuja 1.45 mara 2, gawa kwa 4.1, unapata tesla 0.71. Umenunua sumaku kali zaidi na mota imelegea kwa asilimia 20!

Na mteja wako ataliona hilo vibaya sana. Mota ikiwa haina mzigo itazunguka haraka kuliko zamani kwa betri ileile, mtafurahi wote wawili hapo gereji, alafu akipakia abiria akaingia kilimani mota inahitaji ampea asilimia 26 zaidi kutoa msukumo uleule, na joto la waya linaenda kwa ampea mara ampea, kwa iyo joto limepanda kwa karibu asilimia 58. Hapo ndo varnishi ya koili inaanza kunuka.

Dawa ipo na ni rahisi. Tafuta shiti ya chuma laini ya milimita 1, ikate ukanda, ikunje uikalishe ndani ya ringi nyuma ya sumaku. Iwe chuma laini kweli, isiwe alminiamu wala stenilesi, na jaribu dukani na sumaku yoyote, ikivutwa kwa nguvu ndo yenyewe. Mwanya unarudi kuwa 1 na hesabu inakuja 2.9 gawa kwa 3.05, tesla 0.95, umepita hata ya zamani. Gundi iwe nyembamba kila mahali, maana kila sehemu ya kumi ya milimita ya gundi ni hewa tu kwenye hesabu yetu.

Lakini bado N52 sikushauri. Sumaku hizi za neodimiamu zinapoteza kama asilimia 0.12 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto, hiyo inarudi zikipoa, shida ni kwamba N52 isiyo na herufi nyingine baada ya namba imepangiwa mwisho nyuzi 80, ikipita hapo huku koili zinaisukuma kinyume, kinachopotea hakirudi tena. Na sumaku nyembamba ndo inawahi kuumia. We ulizia zenye herufi SH, hizo mwisho wake ni 150. N42SH ina Br kama 1.3, ukiweka na ile shiti unapata tesla 0.85, umepungukiwa asilimia 4 tu na mteja hatajua.

Ukimaliza, izungushe kwa spidi unayoijua, pima volti za AC kati ya waya mbili za fezi, alafu linganisha na mota nzima ya aina hiyohiyo kwa spidi ileile. Volti zinafuata tesla moja kwa moja, zikipungua asilimia 10 basi uga, yaani nguvu ya sumaku pale kwenye mwanya, umepungua asilimia 10. Ni kipimo cha uhakika na kifaa tayari unacho.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nasoma uhandisi wa umeme mwaka wa tatu. Tunafundishwa kutafuta uga wa sumaku ndani ya mota kwa mlinganyo wa Laplace na mfululizo wa Fourier, kurasa na kurasa za hesabu, wakati FEMM, programu ya kompyuta ya kukokotoa uga, ipo bure, unachora mota unabonyeza unapata picha nzuri yenye rangi. Kwa nini tuteseke hivi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hata mi FEMM natumia karibu kila wiki na namshukuru David Meeker kwa kuitoa bure, ila tatizo lake ni kwamba inakujibu kuhusu mota moja uliyoichora, haikwambii kwa nini. Ukitaka kujua unene wa sumaku ubadilishe nini unachora tena, unabonyeza tena, unachora tena. Hesabu ya kalamu inakuonyesha kila kitu kimekaa wapi.

Tuchukue hiyohiyo mota ya fundi wa Mwanza. Tuseme kipenyo ni milimita 200, sumaku 46, basi kila moja ina upana wa kama milimita 13.7. Ile fomula niliyompa fundi inachukulia flaksi inaenda wima tu, kwa hiyo uga ni kama ngazi, juu hapa, chini pale, kona kali. Kwenye mota halisi haiko hivo, sumaku ya kaskazini imekaa ubavuni mwa ya kusini na sehemu ya flaksi inajirudia palepale bila kuvuka. Fourier anachofanya ni kuipasua ile ngazi kuwa mawimbi, la kwanza, la tatu, la tano na kuendelea, alafu Laplace anakwambia kila wimbi linachoka kiasi gani likivuka mwanya.

Na jibu lake ni tamu. Tukichukulia sumaku inapitisha kama hewa, kila wimbi linafika kwenye meno kwa sehemu ya sinh (sine ya haipaboliki) ya unene ukigawa kwa sinh ya unene pamoja na mwanya, vyote vikizidishwa kwa pai na namba ya wimbi na kugawa kwa upana wa sumaku moja. Fomula ya fundi ingesema mawimbi yote yanabaki na 0.75. Hii inasema la kwanza linabaki na 0.71, la tatu 0.50, la tano 0.32. Unaona? Mawimbi mafupi yanafia njiani. Ndo maana sumaku zina kona kali lakini volti unazoziona kwenye osiloskopu zimeshaanza kulainika. Picha yenye rangi ya FEMM ingekuonyesha kwamba zimelainika, ila isingekwambia kwamba ukipunguza idadi ya sumaku zikawa pana zaidi hali itabadilika, na kwa kiasi gani. Kalamu imekwambia kwa mstari mmoja.

Alafu kuna sloti, ile mifereji kati ya meno. Stata sio ukuta laini, ina midomo ya kuingizia waya na hapo flaksi inapungukiwa. Mhandisi F. W. Carter alishalitatua hili tangu 1901, akasema jifanye sloti hazipo ila ongeza mwanya kidogo. Kwa mota yetu yenye sloti 51 na midomo ya milimita 3 nyongeza inakuja kama asilimia 3, ukihesabu mwanya pamoja na unene wa sumaku. Ila Carter anakupa wastani tu, hakwambii uga unavyodidimia pale mdomo wa sloti unapopita juu ya sumaku. Kwa hilo watu wengi bado wanarudi kwa Zhu na Howe wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, waliotoa makala nne mfululizo 1993: uga wa sumaku peke yake, uga wa koili, athari ya sloti, na mwisho vyote vikiwa kazini pamoja. Zitafute maktaba, zisome na kalamu mkononi, wiki mbili zinatosha.

Sasa nikwambie kalamu inaposhindwa, maana lazima ulijue. Hesabu zote hizi zinachukulia chuma ni lami isiyojaa. Chuma kinashiba. Uga wa tesla 0.89 kwenye nafasi ya jino moja, milimita 12.3, unabanwa uingie kwenye jino lenyewe, na kama jino lina upana wa milimita 6 tu basi ndani yake ni 0.89 mara 12.3 gawa kwa 6, tesla 1.8. Hapo chuma cha kawaida cha mota kinakaribia kushiba kabisa, lami imegeuka foleni, na namba zako za kalamu zitakuwa kubwa kuliko ukweli. Hapo ndo unafungua FEMM. Lakini ona kwamba hata kujua kuwa unaihitaji, kalamu ndo imekwambia.

SWALI: Kaka pole na majukumu. Nipo Njombe, nyumbani kwetu upepo ni mwingi. Nimechukua mota ya kawaida ya induksheni yenye sloti 36, nimepeleka rota kwa fundi wa lezi akaichonga, nataka kubandika sumaku za ncha 4. Nilizijaribisha kwanza kwa kuzishikiza kwa tepu, zimenyooka sambamba na shafti, na ukizungusha kwa mkono inajishika inajiachia, inajishika inajiachia, pangaboi halianzi mpaka upepo uwe mkali kweli. Tatizo ni beringi?

JIBU: Ahsante dada yangu. Sio beringi, usizibadilishe. Sumaku inapenda kukaa uso kwa uso na meno ya chuma, kwa hiyo kila kona ya sumaku ikifika kwenye mdomo wa sloti inasita, ikivuka inavutwa mbele. Mara ngapi kwa mzunguko mmoja? Ni ile KDS ya shule ya msingi, kigawe kidogo cha shirika cha sloti na ncha. Cha 36 na 4 ni 36, yaani mara 36, kila nyuzi 10 za mzunguko inajishika, na kwa nguvu, maana kona zote za sumaku zinakutana na midomo kwa wakati mmoja. Ile mota ya fundi wa Mwanza ina sloti 51 na sumaku 46, KDS yake 2346, vishiko vimekuwa vingi na vidogo mpaka mkono hauvisikii.

Sloti zako huwezi kuzibadilisha, ila sumaku bado hujazibandika, na hiyo ni bahati. Zipindishe. Ukizilaza mshazari kutoka mwanzo wa rota mpaka mwisho kwa nyuzi 10 kamili, yaani upana wa sloti moja, basi wakati mwanzo wa sumaku unavutwa mbele sehemu nyingine inavutwa nyuma, kwa hesabu inabaki sifuri. Na gharama yake kwenye volti ni nusu ya asilimia moja tu. Sijui jambo lingine kwenye fani hii linalotoa faida kubwa hivi kwa gharama ndogo hivi.

Kama sumaku zako ni vipande vidogo weka safu nne, kila safu isogezwe nyuzi 2.5 kutoka ya jirani. Rota ikiwa na kipenyo cha milimita 100, hiyo ni milimita 2.2 kwa kila safu. Usikadirie kwa jicho, zungusha ukanda wa karatasi kwenye rota, kata zinapokutana, ulaze mezani uchore mistari kwa rula na penseli, alafu uurudishe kwenye rota ndo uhamishe alama.

Kingine ni kuingiza rota, naomba uwe makini kweli. Kwenye tesla 0.9 mvuto ni zaidi ya kilo 3 kwa kila sentimita mraba, unajisawazisha pande zote rota ikiwa katikati tu. Nilishakuwepo kwenye karakana moja watu wawili wanaingiza rota ya sumaku kwa mikono, ikavutwa upande mmoja ghafla, tukasikia mlio kama mtu kafunga mlango, koili mbili zimechunwa, na kidole cha mmoja kikabaki chini ya ukingo mpaka tukatafuta mtaimbo. Kwa hiyo kata karatasi ya manila, izungushe ndani ya stata ifunike meno yote, ibaki inachungulia nje, alafu shusha rota taratibu kwa boliti ndefu tatu ukikaza moja baada ya nyingine, sio kwa mikono. Ukishafunga vifuniko shika manila inayochungulia uivute. Ikitoka kwa ulaini pande zote rota imekaa katikati, ikikwama upande mmoja fungua uanze upya.