Maswali na majibu: Vifuko vya hamira na protini zinazoviongoza

Tangu nilipoandika kuhusu jinsi seli ya hamira inavyopakia protini kwenye vifuko vidogo vya utando na kuzipeleka nje, maswali yamekuja mengi. Nimechagua machache.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita. Kwa nini watafiti wahangaike na hamira, wakati tunachotaka kuujua ni mwili wa binadamu? (Iringa)

Marahaba. Seli ya hamira ina kiini, ina Golgi (kituo cha kupanga na kufungasha protini), ina tando za ndani kama seli yako, lakini inazaliana haraka na jeni zake ni rahisi kuzichezea. Pale Berkeley, California, Peter Novick na Randy Schekman walisaka hamira zenye kasoro ya namna ya pekee: kwenye nyuzijoto 25 zinaishi vizuri, zikipelekwa 37 zinakwama. Ya kwanza waliitangaza mwaka 1979, wakaiita sec1. Kwenye joto, sec1 iliendelea kutengeneza invertasi, kimeng'enya ambacho hamira hukitoa nje ili kivunje sukari ya miwa, ila kutoka hakikutoka. Chini ya hadubini ya elektroni, seli isiyo na kasoro huonyesha vifuko vichache tu, vingi vikiwa kwenye chipukizi linalokua, yaani seli changa inayochomoza ubavuni mwa mama yake. Seli ya sec1 ilikuwa imejaa vifuko tele. Kisha wakairudisha kwenye joto la chini huku wamezuia protini mpya zisitengenezwe, na bado sehemu ya mzigo uliokwama ikatoka. Kwangu mimi hilo ndilo jaribio zuri kuliko yote katika habari hii, kwa sababu linaonyesha kuwa vifuko vile havikuwa takataka za seli inayokufa. Vilikuwa safarini.

Kufikia 1980 walikuwa na jeni 23 za aina hiyo. Walizipata upesi baada ya kugundua kwamba seli isiyotoa mzigo wake inakuwa nzito na kuzama chini ya nyingine.

Je, ni hamira hii hii ya maandazi?

Ndiyo, spishi ni ile ile, Saccharomyces cerevisiae. Ya maabara ni ukoo uliochaguliwa tu.

Kifuko hakina macho. Kinajuaje pa kwenda, na kinajuaje kuwa kimefika? (Mombasa)

Kinaongozwa na protini zinazoshikana kwa zamu. Tuchukue kifuko kilichotoka Golgi kikielekea kwenye chipukizi. Juu yake kuna protini iitwayo Ypt32, ambayo humwita Sec2. Sec2 akifika, humshika Sec4, protini inayofanya kazi kama swichi, na kumfanya aachie molekuli ndogo ya GDP (swichi imezimwa) achukue GTP (swichi imewashwa), na hapo ndipo Sec4 anapoanza kazi. Wakati huo Myo2, protini ya mwendo, inakivuta kifuko juu ya nyuzi za aktini, zilizo kama reli ndani ya seli. Sec4 aliye na GTP anamshika Sec15, mmoja wa protini 8 zinazounda eksosisti, na eksosisti ndiyo inayokifunga kifuko kwenye utando wa nje kabla hakijaungana nao. Baadaye GTP inakatwa kuwa GDP, Sec4 anaachia, na anaweza kutumika tena.

Kuungana kwenyewe ni kazi ya protini za SNARE. Snc iliyo kwenye kifuko inakutana na Sso na Sec9 zilizo kwenye utando wa seli, zinasokotana kama nyuzi za kamba, na msokoto huo unavuta tando mbili mpaka zinakuwa moja. Sec1, protini ambayo jeni yake ndiyo iliyokuwa na kasoro katika hamira ile ya 1979, hushika msokoto huo. Kazi ikiisha, Sec17 na Sec18 huufumua kwa nguvu ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, la sivyo SNARE zote zingebaki zimefungana na safari zingesimama.

Angalieni mpangilio huo: kila protini inamwandaa anayefuata. Wengi hudhani kila kifuko kina anwani moja iliyobandikwa, lakini usahihi unatokana na mikutano mingi mifupi, kila mmoja ukikagua uliotangulia.

Mnajuaje kwamba protini mbili zinashikana, na hazionekani?

Mara nyingi dokezo la kwanza hutoka kwenye jeni. Mwaka 1987 Antti Salminen na Novick walionyesha kwamba nakala ya ziada ya SEC4, jeni ya protini Sec4, inaisaidia seli yenye kasoro ya sec15. Ilichukua mpaka 1999 kuonyeshwa kwamba Sec4 anamgusa Sec15 hasa. Siku hizi pia zipo njia za kuvuta protini moja na kutazama nani amekuja naye.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto. Haya yana uhusiano na wagonjwa wetu?

Yana uhusiano wa karibu sana, dada. Snc ya hamira ina ndugu yake kwenye neva zetu, sinaptobrevini. Sumu ya pepopunda huikata protini hiyo ndani ya neva zinazotuliza misuli. Vifuko vya neva hizo vinabaki na mzigo wake, ujumbe wa kutulia haufiki, na ndiyo maana taya linakaza na mgongo wa mtoto unapinda. Sehemu iliyokwisha kukatwa hairekebishwi na dawa yoyote. Kingamwili tunazomchoma mgonjwa hunasa tu sumu ambayo haijaingia kwenye neva, hivyo chanjo ya mama mjamzito inabaki kuwa kinga kuu ya mtoto mchanga.